Kisima cha Ngigi

Kabla nyumba yao ya Mwihoko, Ruiru, haijaezekwa, Ngigi alikuwa amekwisha kuchimba kisima uani. Majirani wa kila kabila waliteka maji hapo bure, na mtaa mzima ukamwita mkewe, Magdalene, Mama Kisima.

Ngigi alipofariki, Magdalene alijenga vyumba vya kupangisha. Shimo la choo lilifaa kuchimbwa upande wa chini wa kisima, lakini huko kulikuwa na mti wa avokado aliopanda Ngigi, naye hakuwa na moyo wa kuukata. Akalichimbisha upande wa juu.

Asubuhi moja jirani yake, Mishi, alirudi na ndoo ikiwa bado imejaa.

“Mama Kisima, maji haya siwezi kutawadhia. Yananuka.”

“Ai, Mishi! Hiyo pua yako ya Mombasa itazoea Ruiru lini?”

Mishi hakucheka. Magdalene akainama, akanusa. Kisha akainua macho, akautazama mteremko unaotoka chooni hadi kisimani.

Alikifunika kisima kwa bati, akaweka jiwe juu. Majirani walipokuja na mitungi yao, aliwarudisha mmoja mmoja, na kila aliyeuliza sababu alimjibu, “Ni mimi.”