Marinda ya Kifuani

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sijawahi kumwaibisha mteja. Kibaraza changu kiko Kamembe, hatua chache kutoka sokoni. Mwanamke akija kupimwa namwingiza ndani, navuta pazia, nazunguka nyuma yake na utepe. Shangazi aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti moja: ukipima, angalia ukutani, taja namba, nyamaza. Amenenepa, amekonda, ana mimba ambayo mumewe hajaambiwa, hayo hayakuhusu. Wewe ongeza kitambaa au punguza. Hata daftari langu la vipimo halina jina la mtu. Kila ukurasa una namba na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, na kwa kipande hicho namjua mwenyewe.

Sharti hilo nililishika vizuri mno. Ndiyo maana sasa nakunywa chai peke yangu.

Rafiki yangu alikuwa mwuza vitenge kutoka Bukavu. Alivuka daraja la mpakani kila asubuhi na robota lake, akauza hadi mchana, kisha akaja kukaa kwangu kwenye kigoda cha mbao hadi saa ya kurudi kwao. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani alikuja vilevile, akajinyima chai ili asinywe mbele yangu, ingawa alinilalamikia njaa yake mchana kutwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na watoto wangu wako Kigali, wanapiga simu siku ya Ijumaa. Siku nyingi yeye tu ndiye aliyeniuliza kama nimekula.

Mwaka ambao binti yake alitolewa mahari, aliniletea kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Nilipozungusha utepe kifuani, kidole gumba changu kiligusa kitu upande wa kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kigumu, kama kifungo kilichosahaulika ndani ya bitana.

"Hapa panauma?" nilimuuliza, macho yangu ukutani.

"Haiko inauma hata kidogo. Weye pima tu, Maman Fundi."

Kama hakiumi, si kitu. Ndivyo tulivyoamini sote wawili, watu wazima na akili zetu. Niliandika namba, tukahamia kwenye habari za wakwe zake, ambao kwa maoni yake walikuwa wabahili wenye maneno matamu.

Gauni la pili lilikuwa la Noeli. Safari hii upande wa kushoto ulivuta kitambaa. Ningeweza kusema. Badala yake nilikata upande wa kushoto mpana kidogo kuliko wa kulia, na tofauti nikaifunika kwa marinda yanayoshuka kutoka shingoni hadi kifuani, yale ambayo watu wa Bukavu wanayaita volani. Alisimama mbele ya kioo changu, akajigeuza huku na huku, akacheka.

"Maman Fundi, weye uko na mikono! Muntu hawezi kuona kitu."

Nilifurahi. Sijitetei: nilifurahi siku nzima, na jioni niliwahadithia watoto kwenye simu jinsi nilivyo hodari.

Gauni la tatu nililishona mwaka uliofuata, na marinda yake yalikuwa mapana zaidi. Siku ya kulipima hakutaka niunyanyue mkono wake wa kushoto. Kwa pembeni ya jicho niliona ngozi ya titi imejaa vishimo kama ganda la chungwa. Nikarudisha macho yangu ukutani haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe.

Kisha akaacha kuvuka. Kwenye simu aliniambia yuko kwenye maombi, baadaye akasema anakunywa dawa za mizizi, baadaye simu ikapokewa na binti yake. Hospitali walikuwa wamesema ni saratani ya titi, na kwamba imeshatembea mwilini. Hakukawia baada ya hapo. Nilivuka daraja kwenda kumzika. Walikuwa wamemvalisha gauni la tatu. Wanawake walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja, nami zamu yangu ilipofika nilisimama nikiitazama kazi yangu. Mishono ilikuwa safi, marinda yamelala vizuri. Hakuna aliyeona kitu.

Kigoda chake sikukiondoa. Mteja akitaka kukikalia, nampa kiti cha plastiki.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kituo cha afya. Msinisifu kwa ushujaa, nilipelekwa na woga: kila nikioga nilikuwa najipapasa nikidhani nimepata kifungo changu. Muuguzi, binti mdogo wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja na miguu yangu. Alinawa mikono, akanipapasa taratibu kwa mizunguko midogo hadi kwapani. Machozi yakanitoka.

"Maman, nakuumiza?"

Nilisema hapana. Ningemwambiaje kwamba tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyenigusa, mimi ninayegusa watu kutwa nzima?

Hakupata kitu. Aliniketisha, akanieleza kama anayemweleza mama yake. Uvimbe mwingi si saratani, lakini uvimbe usiouma ndio watu wanaouacha hadi wakati unapita. Nijitazame kila mwezi: uvimbe, ngozi iliyobadilika, chuchu iliyozama ndani, titi lililobadili umbo. Nikiona chochote, nisingoje maumivu. Pombe inaongeza hatari, mwili kuwa mzito baada ya kukoma hedhi kunaongeza, na kukaa kwenye cherehani siku nzima bila kutembea hakunisaidii. Nikamwambia rafiki yangu hakuonja pombe na alitembea kila siku kwa miguu hadi darajani. Akatikisa kichwa. Alisema mtu anaweza kujitunza akapunguza hatari, lakini hawezi kuimaliza, na ndiyo maana kuwahi kunahitajika hata kwa aliyejitunza.

Hapo nikamuuliza swali langu. Kama fundi wake angesema siku ile ya kwanza, angepona?

"Siwezi kujua," alijibu. "Lakini daktari angekuwa na kazi ya kufanya."

Nilirudi na jibu hilo nyumbani, nikapika, nikashindwa kula, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni aliniletea kitenge cha kijani. Nilivuta pazia, nikazungusha utepe, na upande wa kulia kidole gumba changu kikakuta kifungo. Nikaacha kuangalia ukuta, nikamzunguka, nikamwangalia usoni.

"Maman, hapa kuna uvimbe. Pengine si kitu, lakini nenda kituo cha afya kesho. Nitakusindikiza."

Alijifunika kifua kwa mikono yote miwili.

"Weye ni doktere? Nimekuletea kitenge, sikukuletea mwili! Unataka kunitafutia ugonjwa?"

Alikwapua kitambaa chake akatoka. Kufika jioni soko lote lilikuwa limesikia kwamba fundi mjane anawapapasa wanawake na kuwatabiria kifo. Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Iliniuma, nami nilikasirika, nikaapa kwamba safari nyingine nitaangalia ukuta hadi uchoke wenyewe.

Jana alipita mbele ya kibaraza changu na beseni lake kichwani. Alikuwa amevaa kitenge kile cha kijani. Fundi mwingine amemshonea, na amemshonea vizuri, siwezi kusema uongo. Kuanzia shingoni hadi kifuani upande wa kulia ameweka marinda.

Suruali ya mteja ilikuwa chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Niliiacha pale pale. Nikavaa kandambili, nikashuka barabarani katikati ya pikipiki zilizokuwa zinanipigia honi.

"Maman!" niliita. "Simama. Nitukane mbele ya watu wote, lakini simama."

Aligeuka, akaniona, akaongeza mwendo. Na mimi nikaongeza.