Tete la Bibi na Pistoni ya Udongo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Kyela mjini, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai. Akakiweka mezani, akafungua.

"Shikamoo mama. Spea ya hii unayo? Nimezunguka mpaka Kasumulu, kila duka wananicheka."

Niliinyanyua. Ilikuwa pistoni ya trekta dogo la bustani, lile la magurudumu mawili ambalo unatembea nyuma yake umelishika mikono. Kiwanda kiliacha kutengeneza injini ile kabla kijana huyo hajazaliwa. Mimi naijua kwa kuipapasa tu, hata macho ukinifunga.

Shule niliishia darasa la nne, sifichi. Duka hili sikurithi kwa mtu, na wenye vyeti vyao huja hapa kuniuliza namba za spea. Kwa hiyo haya siyasemi ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu pistoni ile ilipotua mezani nilisikia sauti ya bibi yangu ikiniuliza swali lilelile, na safari hii nimechoka kulikwepa.

Tulikaa Ipinda. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yakafunguka, kukawa na sabuni za kunukia, redio, vitenge vya kila rangi. Baba alilipata trekta lake shamba moja la umma lilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, lakini lilipounguruma kwenye majaruba ya mpunga watu waliacha majembe wakatazama. Kuliwasha ilikuwa kazi yangu. Nilizungusha kamba kwenye gurudumu la injini, nikavuta kwa mwili mzima, na moshi wa kwanza ukanipiga usoni. Hadi leo moshi wa petroli ukichanganyika na harufu ya tope bichi, nasikia njaa ya wali wa nyumbani na samaki mbasa wa kuchoma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na majirani waliniita binti injini. Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu.

Pistoni ikapata ufa mwanzo wa mvua. Ikafanya kazi hivyohivyo, inakohoa, inameza oili. Ajabu ya miaka ile ndiyo hiyo, madukani kulikuwa na kila kitu isipokuwa tulichokitaka. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akifanya biashara ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ambako matrekta ya aina ile yalikuwa yamezagaa kwenye mashamba ya zamani. Baba alimpa vipimo kwenye karatasi. Mjomba akarudi na pistoni yenye upana sawa, tundu la pini halipo mahali pake. Baba akaichana karatasi. "Namba zinadanganya," alisema. "Safari hii aende na umbo lenyewe."

Ila umbo lenyewe lilikuwa ndani ya injini, na mvua haimsubiri mtu. Hapo ndipo baba alipomkumbuka mama mkwe wake.

Bibi alikuwa Mkisi wa kando ya ziwa, mfinyanzi. Kila Jumamosi alishuka na mtumbwi kwenye soko la Lyulilo, vyungu vimepangwa ndani ya nyasi kavu. Injini ikafunguliwa kwa siku moja tu, nikapelekwa kwake na pistoni kwenye kapu. Aliigeuza, akaichungulia ndani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe makelele yote ya baba yako ni chungu kilichoinamishwa!"

Alifinyanga mchana huo, pistoni yenyewe iko pembeni yake, vidole vinatembea bila haraka. Alitoboa tundu la pini, akachora mifereji ya ringi kwa ukucha, akasugua kwa kokoto lake jeusi hadi udongo ukang'aa. Mimi niliyekuwa nadharau kila kitu kisicho na injini nilisogea karibu nione. Kesho yake nikairudisha pistoni nyumbani, baba akaendelea kulima.

Baada ya Jumamosi mbili nikafuata ile ya udongo, imeshachomwa. Bibi akanipa na kijiti cha tete.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Udongo ukikauka unanywea. Ukipita motoni unanywea tena. Tete hili nililikata siku ile chuma chenyewe kipo. Umbo ni la udongo, upana ni wa tete. Mpe baba yako mkononi."

Nikapanda lori kurudi, juu ya magunia, pamoja na akina mama wa sokoni. Mmoja akaona tete.

"Binti injini! Na hiyo fimbo ni ya kuchapia trekta likigoma?"

Lori zima likacheka. Mwingine akadakia, "Mwache, hilo ndilo spea lenyewe!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulipofika darajani nikalitupa tete mtoni. Nilijiambia kwamba mambo ya chuma hayapimwi kwa nyasi. Nyumbani nikatoa pistoni ya udongo, baba akaikumbatia kwa furaha, akishukuru, "Ndaga, ndaga!" Nami habari ya tete nikaimeza.

Mjomba akaondoka nayo. Pistoni ya ufa ikapasuka kabisa wiki iliyofuata, tukakaa tunamtazamia barabarani. Akarudi akiimba. Kwenye lundo la vyuma alikuwa ameipata, tundu kwa tundu, mfereji kwa mfereji, pacha wa ile ya udongo. Baba akaitumbukiza kwenye silinda. Ikacheza kama kokoto ndani ya kopo. Ilipungua karibu urefu wa punje ya mpunga. Mjomba alipotaka kurudi, Songwe ilikuwa imefurika. Majaruba yakaota nyasi, na baba akachukua jembe la mkono mbele ya watu walewale waliokuwa wakimtazama.

Bibi akaja kutuona. Baba hakuweza kumlaumu mama mkwe usoni, akasema na mimi ili yeye asikie. "Mwambie bibi yako macho yakichoka, mtu hupumzika."

Bibi akachukua ungo, akatoka. Baadaye tukiwa nje, tunapepeta mchele, akaniuliza polepole, "Lile tete ulilifikisha?"

"Nililifikisha."

"Baba yako akapimia?"

"Akapimia."

Akainua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kama mali ya mtu mwingine. "Basi ni mimi," akasema.

Hakufinyanga tena. Kokoto lake jeusi alinipa mimi, mimi! Hadi anakufa miaka mitatu baadaye, alikuwa akipika kwenye sufuria ya dukani. Baba naye akafa akiamini mikono ya bibi ndiyo iliyomwangusha. Trekta lililiwa na kutu nyuma ya nyumba, kuku wakatagia chini yake. Ule muungurumo haupo tena, na chungu cha mkono ule hutakipata hata ukizunguka Lyulilo nzima.

Pistoni ya udongo iko rafuni kwangu, kokoto liko juu yake. Watu hudhani ni pambo.

Yule kijana nilimpimia kwa venia, kile kipimio cha mafundi, nikamwandikia namba, nikampa jina la mtu wa ng'ambo anayeuza vyuma vya zamani. Kisha nikatoka uani, nikakata tete, nikalilinganisha na pistoni yake mpaka likakaa sawa.

"Mama, na hili nyasi la nini tena?" akacheka.

"Mpe anayekwenda. Mkononi."

Akapanda bodaboda. Nilisimama mlangoni hadi pikipiki ikakata kona ya sokoni, nikiutazama mkono wake kama utaliachia tete.