Kupanda Kilima Bila Mzigo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Laurensia ni kwamba alipanda kilima kama mtu aliyelala. Macho hakuyafumba kabisa. Aliyalegeza tu, kama anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya mbali. Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa tatu, mwaka 1988, na nilikuwa ndiyo kwanza nimepangiwa kufundisha shule ya Kibingo. Nilikuwa nakimbia peke yangu, nikiendeleza mazoea ya Jeshi la Kujenga Taifa, nikasikia nyuma yangu nyayo zisizo na viatu. Ukungu ulijaa bondeni hadi vichwa vya migomba pekee ndivyo vilivyoonekana. Akatokea humo, kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu, akanipita.

"Shikamoo, mama," nilisema huku nikihema.

"Marahaba, Mwalimu. Usisimame hapo! Ukisimama, miguu itakumbuka kwamba imechoka."

Baadaye nilimfahamu vizuri. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, wakafanya vibarua katika mashamba ya kahawa ya watu hadi wakapata kiwanja chao. Aliolewa na Telesfori, mkulima wa migomba na kahawa, mpole lakini mwenye kujali sana watu watasema nini. Walikuwa na watoto watano, wa kwanza akiitwa Celestin. Chemchemi iko chini ya kilima na nyumba yao iko katikati ya mteremko, kwa hiyo maisha ya Laurensia yalikuwa kupanda na kushuka.

Wa tatu wetu katika mbio za alfajiri alikuwa Kemigisha, nesi wa zahanati, mwanamke mnene na mcheshi aliyeanza mazoezi baada ya kuchoka kuwaambia wagonjwa wapunguze uzito huku wao wakimtazama tumbo. Hatukuwa na saa ya kupimia. Tulipima kwa nyumba. Ukianza darajani, unapita kwa Ildefonsi, kisha kwa mjane Placida, kisha kigango cha Wakatoliki, na juu kabisa, barabara inapolala kuelekea Rubwera, ni kwa Egbert, ambaye mabati yake huwaka jua linapochomoza. Mtu alikimbia mpaka pumzi imkatae. Pale alipoanza kutembea ndipo palipokuwa pake siku hiyo.

Tukimaliza tulikutana darajani, tukaning'iniza miguu juu ya maji na kupeana habari.

"Leo nimefika kwa Ildefonsi," Kemigisha alitangaza asubuhi moja. "Mlangoni kabisa!"

"Mlangoni au kwenye ua?" nilimuuliza.

"Mwalimu, acha usahihishaji wako. Mbwa wake alinibwekea. Mbwa hambwekei mtu aliye mbali."

"Kesho utamfikia Placida," Laurensia alisema. "Ila usitupe mikono ovyo, dada nesi. Unakimbia kama unafukuza kuku."

Tulicheka mpaka maji nayo yakaonekana kucheka. Mimi nilikuwa nakwama kwa Placida. Laurensia alikuwa anafika kigangoni, na hapo kifua kilimbana. Tulikuwa tumesikia kwamba siku ya Saba Saba kungekuwa na mbio za watu wazima kutoka darajani kwetu hadi Rubwera. Kemigisha na mimi tulitaka kumaliza tu. Laurensia alitaka jambo lingine, nalo alituambia bila kututazama.

"Kilima hiki nimekipanda tangu nilipoolewa. Nimekipanda na maji, na ndizi, na kuni, na mimba, na mtoto mgongoni. Sijawahi kufika juu nikiwa sina kitu. Nataka nijue kukoje."

Ukungu ulikuwa unaondoka polepole, ukiacha mgomba mmoja mmoja.

Kemigisha ndiye aliyemshauri kuhusu kifua. "Pumzi ikikubana," alisema, "usiiname. Weka mikono yote miwili kichwani, mbavu zifunguke, uendelee." Ulikuwa ushauri mwema. Sote tuliusikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo ambalo mtoto mdogo wa Kibingo analijua: mwanamke anayekuja mbio barabarani, mikono kichwani, amefiwa.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Telesfori alikuwa ameondoka na baiskeli kabla ya mapambazuko, kupeleka magunia kwenye chama cha ushirika. Laurensia alituacha mbali. Alipofika kwa Placida kitambaa cha kichwa kikamwanguka, naye hakurudi kukiokota. Karibu na kigango kifua kikambana, akaweka mikono kichwani. Aliniambia baadaye kwamba hapo alisikia mwili wake unakuwa mwepesi kama jani linaloelea, na kwamba alisikia pia sauti za wanawake, zikianzia nyumba moja na kupokewa na nyingine, akadhani wanamshangilia.

Kumbe walikuwa wanalia. Aliyekuwa shambani alitupa jembe, aliyekuwa jikoni aliepua sufuria. Na kwa kuwa wote walijua Telesfori yuko safarini, hakuna aliyehitaji kuambiwa nani amekufa. Mimi na Kemigisha tuliokuwa nyuma tulipiga kelele, "Ni mazoezi! Ni mazoezi tu!" lakini nani amsikilize mwalimu anayehema na nesi anayekimbia? Kumwona nesi anakimbia ndiko kulikowafanya waamini kabisa.

Laurensia aligeuka, akaona mteremko mzima unashuka kwenda nyumbani kwake, akawafuata kwa hofu. Walipomwona anakuja walizidi kulia. Ua ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wameshaweka kuni, wanawake wameshusha mikungu ya ndizi, na Bibi Nyirabahire, mama yake Telesfori, alikuwa ameketi chini katikati ya wanawake waliomshika mabega.

Hapo ndipo Telesfori mwenyewe akaingia, anasukuma baiskeli, matope hadi magotini. Akavua kofia kwa heshima.

"Poleni, jamani," alisema. "Nani ametutoka?"

Ildefonsi ndiye aliyejikaza. "Wewe," alisema.

Placida alikimbilia nyuma ya nyumba, akidhani ameona mzimu. Bibi Nyirabahire aliinuka, akamshika mwanawe mashavu, akayafinya kwa nguvu kama anayechagua parachichi, kisha akamzaba kofi. "Siku nyingine ukienda, uage vizuri!"

Kwetu huku chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani. Kwa hiyo ndizi zilimenywa, zikapikwa, zikaliwa na kila aliyekuja kulia, na marehemu akapewa sahani ya kwanza. Watu walicheka mpaka jioni. Telesfori hakucheka. Alikula ndizi za msiba wake mwenyewe huku ameinamisha kichwa, na wageni walipoanza kuaga alimwita mkewe mbele yetu.

"Mama Celestin, mbio basi. Umeniua kabla sijafa. Nikipita sokoni wataniita mzimu mpaka nizeeke."

"Lakini Saba Saba, baba..."

"Saba Saba watakimbia wengine."

Tuliendelea wawili. Kila asubuhi tulipopita kwake tulimkuta anatandaza kahawa kwenye mikeka, Kemigisha akamrushia habari juu ya ua bila kusimama. "Nimempita Placida! Wewe mama, nimempita!"

"Hongera! Kaza mikono!" alijibu Laurensia, na mikono yake mwenyewe ilitulia juu ya kahawa mpaka tukapotea.

Mwezi wa sita, kiangazi kilipokausha nyasi, Bibi Nyirabahire aliniita uani kwao. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia haraka haraka, akanionyesha shamba la migomba nyuma ya nyumba.

"Mwalimu, tazama. Kuna mnyama humu?"

Majani makavu yalikuwa yanatikisika, kwanza upande wa chini, kisha juu, kisha chini tena, kana kwamba upepo mdogo umefungiwa humo na unatafuta mlango. Telesfori naye alikuwa amesimama kando, fimbo mkononi. Aliingia, nasi tukamfuata. Kati ya migomba tulikuta njia nyembamba iliyokanyagwa ikawa laini kama sakafu ya nyumba, ikizunguka shamba lote. Laurensia alikuwa anakuja juu yake, macho ameyalegeza, bila kutuona. Alipotuona alisimama.

"Hapa haonekani mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa simuui mtu yeyote."

Telesfori alitazama njia ile. "Unatafuta nini, mama? Niambie tu nijue. Ni zawadi ya Rubwera?"

Akamwambia yale aliyotuambia darajani: maji, ndizi, kuni, mimba, mtoto. Kufika juu bila kitu. Telesfori alisikiliza akiichora ardhi kwa fimbo. Jua la asubuhi lilipenya majani likamwangukia begani vipande vipande.

"Ndoo ya maji," alisema mwishowe, "hata mimi sijawahi kukupokea." Halafu, kama mtu anayekata shauri la shamba: "Watu walilia kwa sababu hawakuniona. Basi wanione. Nitatangulia na baiskeli, napiga kengele nyumba kwa nyumba, kila mtu aone kwamba mimi ni mzima. Nyuma yangu ukimbie utakavyo. Weka hata miguu kichwani."

"Kwenye kilima kile utaisukuma baiskeli," mama yake alimkumbusha.

"Nitaisukuma nikiwa hai, mama."

Tangu siku hiyo tumekuwa wanne. Asubuhi ya kwanza watoto walitoka nyuani wakiimba, "Mzimu huyo! Mzimu huyo!" na Telesfori, aliyeogopa sana jambo hilo, aliwapungia mkono. Naye sasa hutoa habari zake darajani: juzi alisukuma kuanzia kwa Placida, jana kuanzia kigangoni. Kemigisha humwambia akaze. Laurensia amekipita kigango mara kadhaa. Kwa Egbert bado hajafika. Hubaki kipande kile cha changarawe chini ya mabati, na hatumsemeshi akishuka.

Ninaandika haya mchana wa tarehe sita Julai. Telesfori ameipindua baiskeli uani na anaitia mnyororo mafuta. Kemigisha amefunga zahanati mapema, akisema kesho asiugue mtu. Laurensia ametoka chemchemini, na ndoo yake ya mwisho kwa leo imebebwa na Celestin. Yeye anatembea nyuma akitazama juu, mabati yanapometa. Na Bibi Nyirabahire, ambaye hajapanda kilima kile kwa miaka, amekataa kusubiri nyumbani. Wajukuu wameshapeleka kigoda chake kwa Egbert, wakakiweka ukingoni mwa barabara pale changarawe inapoishia, kielekee chini.