Siku Nilipomwandikia Mume Wangu Kodi ya Biashara

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza. Mweka Hazina wa baraza la mji, mzee Mmeru aliyevaa sweta hata jua la Isiolo likiwaka, alisoma barua yangu ya ajira, akaikunja, akaniuliza, "Binti, hapa tunatoza kodi ya viwanja. Unavijua viwanja vyenyewe?"

"Navijua vya Wabera, mzee. Ndiko nilikozaliwa."

"Basi nenda ukavijue vingine. Meza utaikuta."

Nilizunguka mji wiki mbili na karani wa upimaji, yeye na ramani, mimi na daftari. Alinifundisha kutafuta bikoni, vile vijiti vya chuma vilivyozungushiwa saruji kuonyesha kona za kiwanja. Vingine vilikuwa vimefukiwa na mchanga. Kimoja tulikikuta ndani ya boma la mbuzi, na mwenye mbuzi akatuambia alidhani ni kaburi la mzungu.

Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii kwa kompyuta, ili mjue sisi tuliifanya vipi. Kodi yetu ilitozwa kwa thamani ya ardhi tupu, si ya jengo. Mwenye ghorofa na mwenye kibanda cha mabati, kama viwanja vyao vilipakana na kufanana, walilipa sawasawa. Watu walinigombeza sana kwa jambo hilo, nami nikaenda kumgombeza Mweka Hazina. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tukitoza nyumba," alisema, "kila anayeongeza chumba tutamwadhibu. Wewe unataka mji ujengwe au usijengwe?" Nilirudi kwenye meza yangu nikaendelea kuandika bili.

Kitabu chetu kikubwa kiliitwa orodha ya thamani. Kila kiwanja kilikuwa na mstari wake: nambari, mwenyewe, ukubwa, na matumizi, yaani kama ni cha makazi au cha biashara. Neno hilo moja la matumizi lilikuwa zito. Kiwanja kikiitwa cha biashara, thamani hupanda, na kodi hupanda nayo.

Baadaye nilihamishiwa bajeti, chini ya Mhasibu Mkuu, mama Msomali asiyependa maneno mengi. Kwake nilijifunza kwamba bajeti ya mji huanza na makisio ya mapato, yaani kile mji unachotarajia kukusanya, ndipo matumizi yafuate. Idara zilileta maombi marefu. Yeye aliuliza swali lilelile: "Hii itatoka wapi?" Kama hukuweza kumjibu, karatasi yako ilirudi nawe mlangoni.

Baraza la mji likaondoka, serikali ya kaunti ikaja, nami nikapewa usimamizi wa orodha ya thamani. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mkurugenzi wa Mapato, mwanamume mpole, umri wa wanangu, ambaye hakuwa mwenyeji. Mwaka mmoja tuliletewa orodha mpya iliyotayarishwa na wathamini wa kukodiwa. Niliisoma mstari kwa mstari. Nilipofika mtaa wa Kiwanjani niliweka kalamu chini. Safu nzima ya nyumba za watu ilikuwa imeandikwa biashara.

Nikaenda kwa Mkurugenzi. "Bwana Mkurugenzi, hawa walipima kwa ramani. Hawakutembea. Hizi ni nyumba za kulala."

Alishika kichwa. "Mama Halima, bajeti imeshaandikwa kwa orodha hiyo. Hata mtaro wa maji ya mvua wa hukohuko Kiwanjani unategemea hayo mapato. Nikiyatoa, mtaro unakufa."

"Nipe siku nne."

"Na ukirudi mikono mitupu?"

"Nitasimama mbele ya watu niwaambie mwenyewe."

Siku ya kwanza nilianza kwa Akko Dabo. Akko kwa Kiborana ni nyanya, na yeye mtaa mzima ulimwita hivyo. Nilimtolea salaam, nikamweleza kilichoandikwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Biashara? Niuze nini, Halima? Hawa mbuzi wawili?" Kisha akaacha kucheka. "Wakinitoza kama mwenye duka, nitarudi wapi? Kijijini kwetu Malka niliondoka nikiwa na meno yote."

Nilizunguka Kiwanjani yote, nikarudi mjini, na siku ya tatu, nikipita Wabera na orodha mkononi, nikaona upande wa pili wa kosa. Maduka, hoteli na nyumba za wageni kando ya barabara zilikuwa bado zimeandikwa makazi, kama zilivyokuwa tangu zamani. Wenyewe walitoboa ukuta wa mbele, wakaweka mlango wa chuma, na hakuna aliyebadilisha mstari wao. Nilihesabu milango nikiandika. Mlango wa tano ulikuwa wa mume wangu, Jattani, muuza misumari, rangi na mabati.

Nilikuwa nimepita pale kila siku. Sikuwahi hata kufikiri. Nikasimama na kalamu, na siwafichi, nilitaka kuruka niende mlango wa sita.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwambia.

"Unaniandika mimi?" aliuliza Jattani.

"Nakuandika wewe wa kwanza, juu kabisa ya orodha."

"Kati ya watu wote wa barabara ile."

"Nikiwaandika wao nikakuacha wewe, nitawaangaliaje?"

Alinawa mikono, akaondoka. Siku mbili alinisalimia tu, basi. Katika ndoa yetu hilo halijawahi kutokea, wala kabla wala baada. Nililala vibaya, lakini mstari sikuufuta. Siku ya nne nilimkabidhi Mkurugenzi orodha ya milango ya Wabera, akakubali isomwe mbele ya watu.

Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kilijaa. Wenye maduka walikuja wamekasirika, maana habari ilikuwa imewafikia. Mwenye nyumba ya wageni alisimama. "Watu wa ofisi wanajua kuandika wengine tu," alisema. "Biashara zao hatuzioni zikiandikwa." Watu wakapiga makofi.

Mkurugenzi akanigeukia. "Mama Halima, soma."

Nikasoma. "Wa kwanza: Jattani Guyo, Wabera, duka la vifaa vya ujenzi. Kutoka makazi kwenda biashara."

Wote walimjua ni mume wa nani. Kisha nikasikia kiti kikisogea nyuma, na Jattani akasimama.

"Ni kweli," alisema. "Ni duka. Hapo ndani hakuna mtu anayelala isipokuwa mimi, saa saba mchana, wateja wakikosa."

Watu walicheka, na kicheko kile kilitufaa kuliko hotuba yoyote. Mwenye nyumba ya wageni aliomba tu alipe kwa awamu, akakubaliwa. Kiwanjani ikarudi makazi. Mapato yaliyopatikana Wabera hayakufidia yote, kwa hiyo mtaro ulichimbwa ukaishia nusu njia, na nusu nyingine ikaingia bajeti iliyofuata. Niliifuatilia mpaka ikamalizika.

Tulirudi nyumbani pamoja siku ile. Jattani alisema njia nzima neno moja tu: "Ungeniandikia na hotuba kabisa." Nikajua yameisha.

Sasa nimestaafu. Sikujenga ghorofa, na jina langu haliko kwenye jiwe la ufunguzi lolote. Lakini orodha niliyoiacha, kila mstari ulikuwa na mtu aliyekwenda kwa miguu yake kukiona kiwanja chenyewe, na hilo najivunia bila aibu.

Mvua iliyopita nilikwenda Kiwanjani kumzuru binti wa Akko Dabo. Maji yalikuwa yanashuka kwa nguvu ndani ya mtaro, na ua wake ulikuwa mkavu.

"Serikali ilitukumbuka, Mama Halima," aliniambia.

"Si serikali," nilimwambia. "Ulilipa wewe. Na mama yako. Na Jattani wangu."

Akaenda kuchukua koleo, akaondoa kwenye mtaro matawi yaliyokuwa yameanza kuuziba.