Nilifungia Swichi Kubwa Sebuleni, Mpangaji Akanaswa na Umeme Uani

Nilimsingizia mgonjwa. Alikuwa amelazwa hospitali, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, nami nikasimama mbele ya majirani nikasema kosa ni lake. Naanza na hilo, maana nikianza na habari za nyaya mtadhani ilikuwa ajali tu. Nyaya zilikuwa uzembe. Kumsingizia ilikuwa roho mbaya.

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, nina nyumba Kizwite, hapa Sumbawanga. Jina langu siandiki. Nilikuwa mwenyekiti wa kwaya kanisani, mtu wa kukaa benchi la mbele, mtu wa kuitwa kwenye vikao vya harusi. Yaani mama wa kuheshimiwa! Mtaona wenyewe heshima hiyo ilikuwa na kazi gani.

Nyumba kubwa aliiacha marehemu mume wangu, na umeme wake uliwekwa na fundi mwenye leseni. Baada ya msiba nikajenga vyumba vitatu vya uani vya kupangisha. Ulipofika wakati wa kuweka umeme, nikamwita shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Shemeji ni seremala. Umeme alijifunza kwa kutazama wengine wakifanya. Akachukua waya kutoka kwenye soketi ya sebuleni kwangu, akaupitisha juu ya ukuta, akauingiza chini ya bati la vile vyumba, akagawa taa na soketi. Kazi ya siku moja. Nikamchinjia kuku.

Fundi halali nilimjua, anakaa mtaa wa pili. Sikumwita kwa sababu angeuliza maswali. Angetaka kuona kila ungio, na angedai waya wa ethi, ule unaoshuka mpaka kwenye fimbo iliyozamishwa ardhini, ili umeme ukivuja uende chini usimpige mtu. Mimi nikaona hizo ni mbwembwe za mafundi wanaotaka kuonekana wamesoma.

Kuna ujanja mwingine nilioufanya. Swichi kubwa, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima, ipo sebuleni kwangu. Kila nikitoka nilifunga mlango na kuondoka na ufunguo. Niliamini wapangaji wakiifikia wataichezea. Watu wazima, wana kazi zao na familia zao, mimi nawahesabu kama watoto wa chekechea.

Chumba cha mwisho alipanga Anastazia, fundi cherehani, mwenyeji wa Mwazye kule Kalambo. Umri wake kama wa binti yangu mkubwa. Alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na mishono yake ilisifiwa mpaka sokoni. Kila asubuhi alinisalimia, "Shikamoo mama," akiwa ameinama kidogo. Nilimwitikia marahaba huku natazama pembeni.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuja kuniambia kwamba waya wa kuanikia nguo unamtekenya vidole, hasa nguo zikiwa mbichi. Waya wenyewe shemeji aliufunga kutoka kwenye bati la vyumba vya uani hadi kwenye nguzo karibu na choo. Nikamuuliza Anastazia kama kwao Mwazye umeme umeshafika. Nikaona nimesema jambo la kuchekesha sana, na jioni nikalirudia kwa wenzangu wa kwaya. Tukacheka.

Mara ya pili alikuja na Zakaria, dereva wa bodaboda aliyepanga chumba cha kati. Zakaria akasema soketi yake inapata moto na taa zinapepesa. Nikawaambia wapunguze kuchaji simu.

Mara ya tatu akaja peke yake. Akaniomba ruhusa, kwa adabu zote, wao wapangaji wajichange wamlete fundi mwenye leseni aangalie. Mimi nisitoe chochote, nikubali tu apande juu.

"Nyumba yangu haichezewi na fundi wa mpangaji," nikamwambia. "Kama umeme wangu haukufai, Kizwite vyumba ni vingi."

"Sawa mama," akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, alikuwa na lundo la sare za watu. Asingeweza kuhama.

Alichofanya ni kuacha kabisa kuutumia ule waya. Akawa anaanika nguo juu ya ua wa miti. Na mimi, mama wa heshima, nikaona nguo zilizoanikwa kwenye ua zinaifanya nyumba yangu ionekane ya kihuni. Nikamwagiza aziondoe, atumie waya kama watu wote. Hilo sikulazimishwa na mtu, wala halikutokana na kutojua. Alishajiepusha na hatari, nikamrudisha kwa amri yangu mwenyewe.

Jumamosi moja nikaenda Namanyere kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia kwenye pochi, nikapanda basi la asubuhi. Nyuma yangu mvua ikanyesha, ikakatika. Anastazia akatoka uani na beseni la nguo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Zakaria. Anasema hakusikia ukelele. Alisikia beseni likianguka. Alipotoka akamkuta Anastazia amesimama, kiganja kimeung'ang'ania ule waya, mwili unatetemeka, macho yako wazi na hawezi kusema. Zakaria akakimbilia mlango wangu azime umeme. Umefungwa. Akaupiga teke mara mbili, mbao haikuachia. Mpangaji wa tatu, mama mmoja mwenye watoto wadogo, akampigia kelele asimguse Anastazia kwa mikono. Akamletea mchi wa kinu, mkavu, kutoka jikoni. Zakaria akampiga nao Anastazia kwenye mkono, akampiga tena na tena, mpaka vidole vikaachia. Akaanguka kwenye matope.

Fikiria hilo. Ili kumwokoa mtu ilibidi wampige kwa mchi, na swichi ipo hatua chache tu, nyuma ya mlango wangu!

Simu ya Zakaria ilinikuta mezani, nakula pilau. Akaniambia Anastazia amenaswa na umeme, wanampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali. Mnataka kujua nilimuuliza nini?

"Mlango wangu mmeuvunja?"

Ndilo swali langu la kwanza. Zakaria akakata simu.

Nilirudi jioni nikamkuta mwenyekiti wa mtaa uani pamoja na majirani. Akaniuliza imekuwaje. Nikasema Anastazia alikuwa na pasi mbovu ya umeme, alijiunganishia nyaya kwa kificho, nilimwonya na hakusikia. Pasi ya umeme hakuwa nayo. Alipiga pasi ya mkaa, na kila mtu pale uani alikuwa anaiona kila siku. Uongo ule sikuupanga njiani. Ulitoka tu, laini kabisa, kama ulikuwa unasubiri kuitwa.

Zakaria akasema mbele ya wote kwamba Anastazia alilalamika mara tatu. Nikamgeukia nikasema huyu ndiye aliyetaka kuvunja mlango wangu, mchunguzeni yeye. Majirani wakanitazama, wakamtazama na yeye kwenye koti lake la bodaboda, wakachagua kuniamini mimi. Benchi la mbele lina faida zake.

Madaktari walimkata Anastazia vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Fundi cherehani. Mimi sikukanyaga hospitali. Kaka yake alipokuja kuchukua vitu vyake, alipakia cherehani kwenye gari, akanifuata barazani akanisalimia shikamoo. Nikaitikia. Hakusema kitu kingine, na mimi nikafurahi kwamba hakusema.

Watu wa shirika la umeme walikuwa wamekata umeme mpaka nyumba ikaguliwe. Mkaguzi wao akaja, akapanda juu, akafunua bati, akaniita nipande ngazi nione. Waya wa shemeji ulikuwa umesagwa na ncha ya bati mpaka shaba ikabaki wazi. Umeme ukaingia kwenye bati, na kutoka kwenye bati ukaenda kwenye waya wa kuanikia. Ethi hakuna. Akaniuliza nani aliunganisha kazi hii. Nikamjibu ni marehemu mume wangu.

Ndiyo, nikamsingizia na marehemu. Zakaria alikuwa amesimama pale chini, akasema taratibu kwamba vyumba hivi vilijengwa baba akiwa ameshazikwa.

Mkaguzi hakunikemea. Alishuka, akajipangusa mikono, akasema, "Mama, ukipangisha chumba, usalama wa umeme wake ni jukumu lako. Mpangaji hawezi kukagua dari ambayo haruhusiwi kuipanda."

Mngedhani hapo nikaona aibu, nikatubu. Thubutu! Nilimwita fundi halali arekebishe, nikaendelea kwenda kwaya kama kawaida. Aliyeulizia habari za Anastazia nilimwambia amepona, yuko kwao anapumzika.

Aliyenivunja ni binti yangu. Anaishi Mbeya, naye amepanga. Siku moja akanipigia simu akasema swichi ya bafuni kwake inampiga shoti na mwenye nyumba anamzungusha. Nikawaka. Nikasema huyo mwenye nyumba ni muuaji, hama leo hii, na kabla ya kuhama kamshtaki serikali za mtaa, ni haki yako. Nikaongea weee. Nilipomaliza, binti yangu akaniuliza:

"Mama, na Anastazia ulimwambia nini?"

Kumbe alikuwa anajua. Zakaria alikuwa amemsimulia. Na nilivyomfahamu mwanangu, nikahisi ile swichi ya bafuni haikuwa na tatizo lolote. Sikumuuliza. Niliweka simu chini nikakaa jikoni mpaka maharage yakaungua.

Wiki ile ile nikapanda gari la Mwazye, na sukari na kitenge kwenye kikapu. Nilimkuta Anastazia nje ya nyumba ya mama yake, anachambua maharage kwenye ungo kwa mkono wa kushoto. Aliponiona akasimama. Akanisalimia shikamoo, kama zamani. Mama yake akanitolea kigoda, akaingia ndani, hakutoka tena.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikayasema yote, nikalia, nikapiga magoti. Anastazia akanisubiri nimalize.

"Watu wa mtaani umeshawaambia?" akauliza.

"Bado, mwanangu."

"Basi kawaambie hao. Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo."

Akakaa chini akaendelea na maharage yake. Kikapu nilirudi nacho.

Nikamwomba mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa mtaa. Nilisimama nikasema yote: malalamiko matatu, nguo za kwenye ua, ufunguo, pasi ya uongo, marehemu. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa afadhali. Watu walitazama chini, kisha wakaendelea na ajenda ya mitaro. Kwaya ilichagua mwenyekiti mwingine, wakaniambia kwa upole nipumzike. Shemeji hanisalimii, anasema nimemwanika, na Zakaria alishahama. Anastazia sasa anakata vitambaa kwa mkono wa kushoto na mdogo wake ndiye anayeshona. Nikimpigia simu anapokea, tunajuliana hali, anasema kwaheri mama. Hajawahi kusema amenisamehe, nami simdai.

Sasa nyinyi wenye nyumba wenzangu, mnaotembea kifua mbele kwa sababu mna vyumba vitatu vya uani. Umeme wa nyumba yako ni wajibu wako, si fadhila unayomfanyia mpangaji. Weka fundi mwenye leseni. Uliza ethi iko wapi na uoneshwe. Rudisha fundi akague kila baada ya muda, si mpaka mtu aanguke. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo kila anayelala hapo anaifikia wewe usipokuwepo. Na mpangaji akikuambia waya unamtekenya, usimuulize kwao ni wapi.

Ukiona hayo yote ni usumbufu, basi usipangishe watu. Vyumba vyako jaza magunia ya mahindi. Magunia hayaaniki nguo.