Misumari ya Fundi Kimya

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kimya, na wala hakuwa mkimya. Ni misumari tu. Kwa miaka thelathini alitengeneza viatu huku misumari midogo ameibana midomoni, akiichomoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye soli. Mteja akiuliza kiatu kitakuwa tayari lini, alijibiwa kwa nyusi. Moja ikipanda ni kesho. Zikipanda zote mbili, kiatu hicho ni cha kutupa.

Figo zake zilipokufa, siku tatu za wiki alizilala kando ya mashine ya kusafisha damu. Mwaka wa pili dada yake, mshona mapazia, akasema atampa figo yake moja. Ni ndugu toka nitoke, ziwa moja, na vipimo vilikubali: damu ya fundi ilichanganywa na chembe za dada, vikapatana. Tarehe ikapangwa. Dada akafunga kazi zake na kufua mashuka yote ya nyumbani, maana alijua atalala wiki kadhaa.

Wiki tano kabla ya siku hiyo, msumari uliteleza ukamchoma fundi kwenye ufizi. Taya likavimba, usaha ukatoka, homa ikampanda. Mwenye akili timamu angesema. Yeye alihofia kwamba wakisikia homa wataahirisha upasuaji, basi akajinunulia vidonge duka la dawa, na nesi alipouliza kuhusu shavu akadanganya kuwa ameng'oa jino. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, akadhani unawahusu wengine.

Siku tano kabla ya upasuaji kikafanywa kipimo cha mwisho. Wapimaji walikirudia mara mbili, hawakuamini macho yao. Damu ile ile sasa ilizishambulia chembe za dada. Daktari aliwaita ndugu wote wawili akauliza kama fundi aliongezewa damu karibuni, au aliwahi kupandikizwa kiungo. Hapana na hapana. Upasuaji ukasimamishwa. Dada alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na fundi akabaki kitini.

Siku mbili hakugonga hata soli moja. Ya tatu akarudi kwa daktari na kueleza habari ya taya. Daktari aliweka kalamu chini. Mwili ukipigana na bakteria, alisema, hutengeneza askari wanaomtambua adui kwa alama ndogo ya protini. Mara chache alama hiyo hufanana na ile iliyo kwenye chembe za binadamu mwingine, ile inayofanya kiungo chake kikubaliwe au kikataliwe. Hakuwa na uhakika kamili, lakini alidhani askari waliotengenezwa kwa ajili ya usaha ule sasa wanamwona dada kuwa ndiye adui.

"Ungesema siku ile tungekutibu mapema," daktari alimwambia. "Sasa tungoje. Huenda wakapungua, huenda wasipungue."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta mezani, picha zote za marehemu mama zimetandazwa mbele yake, kioo cha kujitazamia kando. Macho yalikuwa mekundu.

"Damu yako imenikataa," dada alisema. "Jana nimekwenda kumuuliza mama mdogo kama mimi niliokotwa."

Hospitalini fundi alishtuka, lakini si hivi. Mwanamke wa miaka sitini, aliyemlea yeye mgongoni, alikuwa amekaa siku tatu akilinganisha pua yake na ya mama. Fundi akakaa chini sakafuni akasimulia yote: msumari, usaha, vidonge, uongo wa jino. Hakujitetea.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamshika kidevu, kama alivyomfanyia alipokuwa anaota meno, akamwambia afungue mdomo. Alilitazama kovu la msumari kwenye ufizi.

"Yaani ulinificha mimi," alisema, "na figo ni yangu."

Midomoni mwa fundi hamkuwa na msumari hata mmoja, na bado alijibu kwa nyusi tu.