Perege wa Migongo Mikavu

Selestini alichimba bwawa lake pale Lukuledi kwa jembe, mwaka ambao mjukuu wake Gift alivimba miguu na nywele zikageuka rangi ya kutu. Muuguzi hakuzungusha maneno: "Mtoto hana protini, Baba Flora. Uji wa muhogo mtupu utamzika. Mpe samaki." Perege aliowatia bwawani wakazaana, Gift akarudi kucheza.

Kisha biashara ikawa huria. Ghala la ushirika likafungwa, dawa ya mikorosho ikaletwa na wachuuzi katika viroba visivyo na maandishi. Zamani ilikuwa salfa, ya njano. Hii ilikuwa ya buluu. Watu wa pale walizoea kufua viroba vya salfa mabwawani ili wahifadhie makopa ya muhogo, na samaki hawakuwahi kudhurika. Selestini akafulia vyake vipya bwawani, msimu wa kwanza, na wa pili.

Perege hawakufa, na hilo ndilo lililomponza. Walibaki vichwa vikubwa, migongo mikavu, nyama ikiyeyukia sufuriani. Gift aliwala kila siku, na miguu ikaanza kuvimba tena.

"Labda unawalisha hotuba," alisema mkewe, Cecilia. Hakucheka.

Selestini alipeleka perege wawili kwa Optatus, mwalimu wa baiolojia: mmoja wake, mmoja wa bwawa la misheni.

"Shikamoo, Baba Flora."

"Marahaba. Nipimie hawa."

Mwalimu alisaga nyama, akachuja maji yake katika vichupa viwili, akatia dawa ya buluu. Cha misheni kikawa zambarau iliyokolea. Cha Selestini kikabaki buluu, zambarau ikionekana kwa mbali.

"Zambarau ndiyo protini, na ya huyu wako imekwisha. Kwa migongo mikavu hivi, nashuku shaba. Ikimwingia samaki, huula mwili wake mwenyewe ili apate nguvu ya kupambana nayo."

"Shaba itoke wapi huku kwetu?"

Mwalimu aliinua chupa ya dawa aliyopimia. "Hii ina mrututu, ndiyo shaba. Hujaona unga wa rangi hii?"

Selestini aliitazama. "Nimeufua," alisema. "Kwa mikono yangu."

"Basi Gift asile tena hata mmoja. Mpelekeni kliniki kesho."

Kuyafungulia maji ya bwawa asingeweza. Yangeshukia mtoni, wanakochota watu. Akawavua perege wote, akachimba shimo.

"Mzee!" aliita jirani yake Esha kutoka njiani. "Siku hizi ukishiba unazika?"

Gift alikuwa ameketi kando ya shimo, bakuli mapajani.

"Babu, wote? Hata wangu?"

Selestini aliendelea kufukia.